Gari Linapokohoa Asubuhi

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya shinikizo la damu, tukasema kwamba ni ugonjwa unaoweza kukaa mwilini kimya muda mrefu kabla ya kujitokeza. Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo pengine hamkulitegemea katika ukurasa huu, nalo ni injini ya gari. Msicheke. Limetupata sisi wenyewe nyumbani, limetutoa jasho na machozi, na limekula fedha zilizokuwa na kazi nyingine. Tumeona si haki kunyamaza, maana siku hizi nyumba nyingi zina kigari, na gari likiharibika anayeanza kubana matumizi ya jikoni ni mama.

Gari letu ni Toyota Probox, tulilolinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Siku za kazi baba watoto hubebea bidhaa za duka, na Jumamosi sisi hulitumia pamoja na akina mama wa kanisa kwenda kuwatembelea wagonjwa na wajane, katika barabara za vumbi upande wa milima ya Uluguru. Halijawahi kutuangusha, ndiyo maana tulilisahau.

Mlio ulianza kidogo kidogo. Kila asubuhi gari lilipowashwa mara ya kwanza, ulisikika upande ule wa injini wenye mkanda wa alternata, krrrrr, kama mtu anayetikisa punje za mahindi ndani ya debe. Ulidumu sekunde mbili tatu, kisha ukapotea, na gari likienda kazini na kurudi halikulia tena. Tulipomwambia baba watoto alijibu kwamba ni baridi ya asubuhi. Tukakubali. Sisi ambao tukimsikia mtoto wa jirani akikohoa usiku, kesho yake tunauliza kama amepelekwa zahanati, tuliliacha gari letu likohoe miezi minne.

Baadaye ikawaka ile taa ya rangi ya machungwa yenye picha ya injini. Baba watoto alisema taa hizo huwaka zenyewe. Jumamosi moja tukiwa akina mama wanne ndani ya gari, na gunia la unga nyuma, tulifika kwenye mlima na gari likaishiwa nguvu. Lilitetemeka kama mtu mwenye homa, mlio ukarudi na safari hii haukuondoka, na gari likazimika katikati ya mlima. Tulishuka tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Unga ulifika kwa mjane kwa pikipiki, na sisi tukarudi mjini tukivutwa kwa kamba.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisema, "Washa nisikie." Likawashwa kwa taabu, likalia, akatikisa kichwa. "Injini hii imenoki, mama. Hapa ni kutafuta nyingine." Akapiga simu Dar es Salaam, Gerezani, wanakouza injini za mtumba, na bei pamoja na ufundi ikawa shilingi 1,900,000. Usiku ule baba watoto alitoa daftari lake. Fedha kubwa pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ada ya chuo ya binti yetu wa kwanza. Hakusema tuichukue, ila kalamu yake ilikaa pale penye ada kwa muda mrefu.

Sisi tulikuwa na jambo moja tu la kusema, na tulilisema kwa kuwa ndiyo kazi tuliyosomea. Wodini hakuna daktari anayekata mguu kwa kumsikia mgonjwa akiugua kutoka mlangoni. Kwanza huuliza maumivu yalianza lini, humshika, humpima, ndipo aseme. Tukaomba gari lipelekwe kwa fundi mwingine, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe nje kidogo ya mji. Baba watoto alikubali, ingawa alisema fundi asiye na banda atajua nini.

Mzee yule hakugusa spana. Baada ya kuitikia shikamoo zetu alikaa juu ya tairi akaanza kuuliza. Mlio ulianza lini? Husikika gari likiwa la baridi au likiwa la moto? Linakula oili? Taa iliwaka kabla ya kupoteza nguvu au baada yake? Tulimjibu vizuri, tukafurahi moyoni kwamba huyu ni mtu wa utaratibu. Ndipo akauliza, "Na oili ilimwagwa lini mara ya mwisho?"

Baba watoto akajibu upesi, "Imeandikwa kwenye kadi." Akainama kuitazama ile kadi ndogo inayofungwa ndani ya boneti. Sisi tukatazama chini.

Ndugu wapenzi, hapa ndipo penye sababu ya kuandika ukurasa huu. Katika nyumba yetu baba watoto hutoa fedha ya oili, na sisi ndio tunaomwita kijana wa gereji ya jirani aje aimwage, kwa kuwa zamu za usiku hutuacha nyumbani mchana. Mara mbili mfululizo fedha ile tuliipa kazi nyingine. Ya kwanza ilikwenda kwenye rambirambi, msiba wa ndugu wa upande wetu ambao tuliona haya kuurudia kuuombea fedha. Ya pili ilinunua viatu vya shule. Kila mara tulijiambia kwamba tutairudisha mwisho wa mwezi. Na ile kadi, kilometa mpya zilizoandikwa pale, mara zote mbili tuliziandika kwa mkono wetu wenyewe. Muuguzi anayejaza chati ya mgonjwa bila kumpima anastahili kufukuzwa kazi, na sisi tumewahi kumkemea vikali mwanafunzi kwa kosa hilohilo.

Tulimwita baba watoto pembeni tukamweleza. Hakupandisha sauti. Alinyamaza kwa muda ambao tuliuona mrefu kuliko zamu ya usiku, kisha akasema, "Na mimi oili ya kuongezea nimekuwa nikinunua ya kwenye dumu, ile isiyo na jina, kwa nusu bei." Basi tulirudi kwa mzee sisi wawili, kila mmoja na lake. Mzee alipiga hesabu: gari lilikuwa limekwenda zaidi ya kilometa 16,000 kwa oili moja, iliyochanganywa na nyingine isiyojulikana. Hakutuhubiria. Alisema tu kwamba sasa anajua aanzie wapi.

Tuwaeleze alivyotueleza. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, nazo huzungusha chuma kimoja kikubwa kilicho chini, kranki. Juu kuna vyuma vingine, kamshafti, ambavyo kazi yake ni kufungua na kufunga milango midogo iitwayo valvu, ili hewa na petroli viingie na moshi utoke. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, wala haziruhusiwi kukosana hata kidogo. Mmewaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mmoja akishusha mchi, mwenziwe anainua, na hawagongani kwa kuwa wameshika mwendo. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Katika injini nyingi ndivyo ilivyo kwa pistoni na valvu, na zikigongana valvu hupinda, na hapo hasara ni kubwa kweli.

Kinachowashikisha mwendo ni cheni ya taiming. Inafanana na cheni ya baiskeli, ila imo ndani ya injini na huogeshwa na oili muda wote. Pembeni yake kuna reli za plastiki ngumu za kuiongoza, na kuna kitu kiitwacho tenshena kinachoisukuma ili isilegee. Tenshena ya gari letu husukumwa na springi pamoja na nguvu ya oili. Sasa fikirini: gari limelala usiku kucha, oili imeteremka chini. Asubuhi likiwashwa, oili inachukua muda kidogo kupanda. Kama cheni ni nzima, muda huo hupita bila neno. Kama imelegea, inapiga huku na huku mpaka oili ifike. Ile krrrrr ya asubuhi ndiyo hiyo.

Na inalegea vipi ilhali ni chuma? Haivutiki kama mpira. Kila pingili ina kijipini kinachozunguka ndani ya tundu lake. Oili ikiwa chafu inakuwa kama msasa laini. Kijipini kinalika kidogo sana, lakini pingili ni nyingi, na kidogo cha kila moja kikijumlishwa cheni nzima huwa ndefu kuliko ilivyozaliwa. Oili iliyozeeka pia huganda na kuziba njia zake nyembamba, tenshena ikakosa nguvu. Tulipoyasikia haya tulikumbuka wanawali wale kumi wa Mathayo 25. Tumefundisha somo lile mara ngapi katika kikundi, tukiwashangaa wale watano!

Tusidhani hata hivyo kwamba kila mlio wa asubuhi ni cheni. Mzee alianza kwa kuondoa mashaka mengine. Aliulegeza mkanda wa alternata na kuutoa, akawasha gari kwa muda mfupi tu ili asikie kama mlio umeondoka. Haukuondoka, basi si beringi ya alternata wala ya pampu ya maji. Kisha akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mfuniko wa mbele wa injini na mpini kwenye sikio. Tuliomba tujaribu. Kwa kweli ni stethoskopu! Kwenye mfuniko wa mbele mlio ulikuwa mkali, na chini kwenye sampu ulikuwa hafifu. Kunoki kwenyewe, alisema, hugonga chini, mgongo mzito wa du-du-du unaofuata resi. Hivyo neno la fundi wa kwanza likaanza kuyeyuka.

Baadaye kijana wake alileta mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani. Ikaandika P0016, namba ambayo maana yake ni kwamba kranki na kamshafti hazikubaliani. Namba hiyo peke yake, mzee alisisitiza, si hukumu. Inaweza pia kutokana na sensa, au na ile valvu ya oili inayorekebisha taiming ikiwa imeziba. Alizitazama hizo kwanza kwa kuwa ni za bei ndogo. Kichujio kidogo cha valvu ile kilikuwa kimejaa tope jeusi, akakisafisha, lakini mlio na namba vilirudi. Ndipo akachukua spana namba 10 akafungua kava la juu.

Hatukuwahi kuona ndani ya injini. Tulitegemea chuma kinachong'aa, tukakuta utando mweusi kama masizi ya chungu kilichopikia kuni mwaka mzima. Mzee alizungusha kranki kwa mkono, kwa spana kubwa, taratibu, mpaka alama ya chini ikalala kwenye sifuri. Kwa kawaida alama za gia za juu nazo zilipaswa kutazama mahali pake. Hazikutazama. Cheni ilikuwa imeruka jino moja. Akaibonyeza kwa kidole katikati, ikacheza. "Mgonjwa wenu ni huyu," akasema. Akapima mgandamizo wa silinda zote nne, zikalingana, kwa hiyo valvu hazikupinda. Baba watoto alikaa chini, na kwa mara ya kwanza wiki ile tulimwona akiomba chai.

Ufundi wenyewe ulichukua siku mbili. Injini ilitegemezwa kwa jeki yenye kipande cha mbao, kwa kuwa mkono unaoishikilia upande ule lazima utoke. Ikatolewa puli ya kranki, ukatolewa mfuniko wa mbele, cheni ikaonekana yote. Reli moja ya plastiki ilikuwa imemeguka. Mzee hakuridhika mpaka aliposhusha sampu akakiokota kipande kilichopotea, maana kingeweza kuziba mdomo wa pampu ya oili. Fundi mwenye haraka angekiacha.

Cheni peke yake haibadilishwi. Gia za zamani zimelika kwa kufuata cheni ya zamani, hivyo ukiweka cheni mpya juu yake unaiharibu upesi. Tulinunua cheni, tenshena, reli zote mbili, gia, na sili ya mbele ya kranki, na mzee alitukataza kununua seti ya bei rahisi kuliko zote, ambayo chuma chake ni laini. Cheni mpya ina pingili zenye rangi tofauti. Hizo ndizo zinazolinganishwa na alama za gia. Alipomaliza kuzilinganisha alimwita baba watoto azitazame, kisha akatuita sisi. Halafu akazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna mahali panapogoma, na alama zikarudi mahali pake. Stata haikuguswa mpaka hilo lilipofanyika. Mwisho akajaza oili mpya kutoka kwenye galoni lililofungwa, lita 3.7 pamoja na filta mpya, akaagiza imwagwe tena baada ya kilometa 1,000 ili iondoke na uchafu uliobaki, na baadaye kila kilometa 5,000 kwa sababu ya vumbi letu.

Gharama yote ikafika shilingi 640,000. Si ndogo, lakini si 1,900,000, na ada ya chuo haikuguswa. Tulikuwa na 240,000. Nyingine tuliikopa katika kikundi chetu cha akina mama, na katika kikundi chetu mkopaji husimama akataja sababu. Tungeweza kusema "gari limeharibika" tukakaa. Tulisimama tukaeleza yote, hata ile kadi. Baadhi walicheka sana, na tuliwaacha wacheke. Mama mmoja hakucheka. Alipotusindikiza alituuliza kwa sauti ya chini kama oili ya miezi kumi ni mbaya sana.

Basi mama, hata kama hujui kuendesha, mwulize mwenzio gari lenu lina cheni au mkanda wa mpira. Gari zenye injini za familia ya NZ na ZZ, kama Probox ya 1,500, IST na Spacio ya toleo la pili, zina cheni, na cheni haina tarehe maalumu ya kubadilishwa. Maisha yake ni oili. Corolla 110 nyingi za petroli, na Hiace zenye injini za dizeli za 3L na 5L, zina mkanda, nao huo una hesabu yake, kwa kawaida kilometa 100,000. Ukikatika haulii kwanza. Ukinunua gari la mtumba, na aliyekuuzia hana kumbukumbu ya mkanda, uhesabu kwamba haujabadilishwa.

Sikiliza gari likiwashwa asubuhi, kabla redio haijafunguliwa. Likilia mara moja kwa kitambo kidogo baada ya kulala siku nyingi, huenda ni filta duni isiyozuia oili kuteremka; angalieni filta kwanza. Likilia kila asubuhi, mpelekeeni fundi wiki hiyohiyo. Likilia mfululizo au likiishiwa nguvu, lizimeni na livutwe, hata kama nyumbani ni karibu. Kijiti cha kupimia oili kichomolewe kila Jumamosi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa. Kazi hiyo kijana wa darasa la tano anaiweza, na kwetu mtoto wa tatu ameipenda hata anagombana nayo na kaka yake. Mwambieni fundi awaonyeshe spea za zamani alizozitoa. Cheni yetu ya zamani tunayo. Tuliilaza kando ya mpya pale chini ya mwembe, na ilizidi kwa urefu wa kama nusu ya ukucha. Nusu ya ukucha ndiyo iliyotuweka mlimani.

Kuhusu fedha ya oili, tumebadili utaratibu. Sasa inakaa katika bahasha yake ndani ya kabati, na anayeitoa kwa jambo lolote anaandika juu ya bahasha ni jambo gani. Mwezi wa nane palitokea msiba mwingine. Tuliandika "rambirambi, 20,000," na jioni baba watoto aliisoma akairudishia yeye mwenyewe, wala hatukuwa tumemwomba. Kadi ya ndani ya boneti anaiandika kijana anayemwaga oili, na kuweka sahihi.

Siku ya kwanza baada ya gari kurudi tulitoka zamu ya usiku tukamkuta baba watoto amesimama nje na ufunguo mkononi. Alikuwa ametusubiri. Alisema hataki kuwasha peke yake. Tulifungua boneti, tukasimama upande ule wa mkanda wa alternata, yeye akawasha. Tulihesabu moja, mbili, tatu, nne. Alichungulia dirishani akauliza, "Vipi?" Tukamwambia azime awashe tena, tusikie vizuri.